Mlango Huliwa Kuanzia Kizingitini

Komeo, bawaba na vyuma vya chini ya mlango ndivyo vinavyoguswa zaidi na kutazamwa kidogo zaidi katika nyumba. Kuvipaka rangi si kazi kubwa. Kubwa ni kuviandaa.

Komeo la mlango wa uani nyumbani kwa mama, Ngamiani, Tanga, lilikuwa na tabia ya kuacha alama. Ukilivuta alfajiri uende kufungua maji, vidole vinarudi na unga mwekundu, na unga huo ukigusa khanga hautoki hata kwa sabuni ya kipande. Mama alilizungushia kitambaa ili lisimchafue. Sisi wanawe tukija likizo tulilizoea komeo lile kama mtu anavyozoea kikohozi cha mzee: unakisikia kila siku, hukiulizi.

Siku moja ndoo ilimwagika mlangoni. Nilipoinama kukausha maji ndipo nikauona ugonjwa wenyewe, na haukuwa kwenye komeo. Ulikuwa chini, kwenye mguu wa fremu, pale chuma kinapoingia katika saruji ya kizingiti. Niligusa kwa ncha ya bisibisi, ikazama kama iliyochomwa kwenye mkate. Mlango huo ulikuwa umepakwa rangi ya kijani miaka miwili tu kabla ya siku hiyo, na rangi yenyewe ilikuwa ingali inang'aa. Rangi ilikuwa imesimama. Chuma kilichokuwa nyuma yake kilikwisha.

Wazee wetu walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Waliwasema watu, na walisema kweli. Lakini kwa nyumba za pwani nimejifunza kwamba mlango nao una mambo yake ya ndani, na ndiyo yanayoiangusha. Tangu siku ile nimeshavua na kupaka vyuma vya milango sita ya nyumba ile kwa mikono yangu. Niliyojifunza ni mepesi kuyasema: rangi haiponyi chuma. Rangi hulinda chuma kilichokwisha kuponywa.

Chumvi haipumziki

Chuma tunachokijua, cha bawaba na makomeo, kimetolewa kwenye mawe ya ardhini kwa moto mkali. Kikipata hewa na maji hurudi taratibu kwenye hali ile ya mawe, na huko kurudi ndiko tunakokuita kutu. Pasipo maji kutu hukwama. Ndiyo maana komeo la Dodoma hudumu miaka ambayo komeo lile lile, likiletwa Tanga, Mombasa au Unguja, halifiki.

Tofauti ni chumvi. Mawimbi yanapovunjika, matone madogo mno hupeperushwa na upepo, maji yake hukauka angani, na chembe za chumvi huendelea na safari mpaka zitue juu ya kitu. Kila mwanamke wa pwani anajua kwamba wakati wa masika chumvi ya jikoni huganda kwenye kopo na kutota maji, hata kama hakuna aliyeilowesha. Inayanywa maji ya hewani. Chembe hizo hizo zikikaa kwenye bawaba hufanya vivyo hivyo: usiku kucha zinaiweka bawaba katika unyevu, hata siku isiyo na mvua. Tena maji ya chumvi hupitisha umeme mdogo unaoendesha kutu vizuri kuliko maji matamu, kwa hiyo kutu hukimbia.

Jambo ambalo halikunipitia akilini kabla ya hapo ni kwamba mvua ni rafiki wa chuma kuliko tunavyodhani. Upande wa geti unaonyeshewa husafishwa chumvi kila mvua inapopita. Sehemu zinazojificha, kama mgongo wa bawaba, chini ya kitasa na ndani ya baraza, hupata chumvi bila kupata josho. Ukiangalia mlango wako utaona kutu imeanza mahali palipokingwa, si mahali panapopigwa na mvua.

Kizingiti kina msiba wa ziada, na huo tunauleta sisi wenyewe kwa nia njema. Nyumba zetu hudekiwa kila siku. Maji ya sabuni, na mara nyingine maji ya klorini, husukumwa kwa fagio kuelekea mlangoni, yavuke kizingiti, yatoke nje. Mengi hutoka. Machache hubaki kwenye pembe, pale fremu inapokutana na sakafu, na humo hukaa mpaka kesho yatakapopata wenzao. Fremu nyingi za siku hizi ni bomba la pembe nne, tupu ndani. Maji yakipata upenyo huingia mle ambamo brashi ya fundi haikuwahi kufika, na chuma huliwa kutoka ndani kuja nje. Ndiyo siri ya ile rangi ya kijani iliyobaki imesimama peke yake.

Ijue mali kabla ya kushika brashi

Kosa la kwanza la mtu mwenye ari ni kupaka kila kinachong'aa. Chukua sumaku, hata ile ya spika mbovu, uzungushe mlango mzima. Ikinasa, una chuma, nacho ndicho chenye haja ya rangi. Isiponasa, kuna uwezekano mkubwa unashika shaba, alumini au chuma cha pua, na hivyo havipakwi kwa mtindo huu. Ukiona kitasa cha rangi ya dhahabu na sumaku bado inanasa, ujue ni chuma kilichovikwa ngozi nyembamba ya shaba. Ngozi hiyo ikishatoboka kutu huenda mbio, na hapo rangi ni msaada.

Shaba halisi iache. Weusi wa kijani unaoikalia si kutu ya kuila mpaka imalizike, na bibi zetu waliuondoa kwa ndimu au ukwaju pamoja na majivu, wakasuuza, wakakausha. Ukiwa na mlango wa zamani wenye njumu za shaba, kama ile ya Mji Mkongwe wa Unguja na ya Lamu, tafadhali weka brashi chini kabisa. Miji hiyo iliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, Mji Mkongwe mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001, na milango yake ni sehemu ya sababu. Njumu iliyopakwa rangi ya mafuta huwa imepoteza ile sura ambayo fundi wake aliitaka, na kuirudisha ni kazi ya kukwangua kwa kucha.

Kuna na chuma kilichovikwa zinki, kile cheupe cha bawaba na makomeo mapya ya dukani. Zinki ni mlinzi mwema: chumvi ikija hujitoa yeye kwanza aliwe, chuma kibaki. Lakini zinki na rangi ya kawaida ya mafuta haziishi nyumba moja. Mafuta ya rangi hukutana na zinki yakazaa kitu kama sabuni, na sabuni hiyo hukaa katikati na kuibandua rangi vipande vipande kama ganda la kitunguu. Ikiwa ni lazima upake, osha kwa sabuni, sugua kwa siki, suuza, kausha, kisha tumia praima, yaani rangi ya chini, iliyoandikwa wazi kwenye kopo kwamba ni ya zinki au ya mabati.

Mwisho, usipake kinachosuguana. Ulimi wa kitasa, tundu la ufunguo, msumari wa katikati ya bawaba, mfereji ambamo komeo hupita: rangi hapo hudumu siku tatu, kisha hugeuka uchafu unaokwamisha mlango. Mahali hapo panataka kulainishwa. Kwa tundu la ufunguo, unga wa grafiti ya penseli unafaa kuliko mafuta, kwa sababu mafuta hukusanya mchanga, na mchanga wa pwani hauna huruma.

Rangi kuukuu ina sumu yake

Kabla ya kukwangua, fikiria umri wa rangi unayoikwangua. Kwa miongo mingi madini ya risasi yalitiwa kwenye rangi za mafuta, hasa za manjano na nyekundu zinazowaka, na praima nyekundu ya risasi ilikuwa ndiyo kinga maarufu ya vyuma. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Wanaoumia zaidi ni watoto, kwa sababu ubongo wao bado unajengwa na mikono yao haikai mbali na mdomo. Na kizingitini ndipo watoto hukaa, hata tukiwakataza.

Kwa hiyo vyuma vya mlango wa zamani usivisugue vikavu. Lowesha msasa na chuma kwa maji ili vumbi lisiruke, tandika nailoni chini, kusanya unga wote na kuutupa pamoja na nailoni yake, usiufagie uani. Watoto na mjamzito wakae mbali mpaka umalize na kuosha. Usitumie moto kuunguza rangi kuukuu; moshi wake ni mbaya kuliko vumbi. Ukinunua rangi mpya, tafuta iliyoandikwa kuwa haina risasi. Sheria ya mfano iliyotolewa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, inapendekeza risasi isizidi sehemu 90 katika kila sehemu milioni za rangi.

Jumamosi ya kwanza: kuvua na kuosha

Vua kila kinachoweza kuvuliwa. Kupaka bawaba ikiwa bado mlangoni ni kupaka mlango, ukuta na vidole vyako. Kabla ya kugusa skrubu ya kwanza, piga picha kwa simu. Vua bawaba moja moja, si zote kwa pamoja, ama umwombe mtu akushikie mlango, maana mlango wa chuma ukianguka hauchagui mguu. Skrubu za kila kifaa zitie kwenye kopo lake. Skrubu iliyoganda kwa kutu itie mafuta ya taa, ngoja nusu saa, igonge kidogo kwa nyundo, kisha jaribu tena kwa bisibisi inayoijaza nafasi yake vizuri.

Sasa osha. Hatua hii ndiyo wengi huiruka, na ndiyo iliyoniokoa. Osha kwa maji matamu na sabuni, suuza mara mbili, kausha juani. Chumvi ikibaki chini ya rangi huendelea na kazi yake ya kunywa maji. Huyavuta yapenye kwenye rangi, na baada ya wiki chache utaona malengelenge madogo. Ukilipasua moja utakuta tone la maji na doa jekundu. Rangi ghali haiwezi kuzuia hilo.

Baada ya kuosha, sugua. Anza na brashi ya waya kutoa magamba ya kutu, fuata na msasa namba 80, kisha 120, na umalizie na 220 ili rangi ipate mahali pa kushika bila kuonyesha mikwaruzo. Unatafuta chuma cha kijivu. Kwenye vishimo vidogo, ambamo msasa hauingii, kuna dawa za kugeuza kutu zenye asidi ya fosfori au tanini. Tanini ndiyo ile iliyomo kwenye magome ya mkoko, na kila aliyegongomea msumari kwenye boriti mbichi ya mkoko amekwisha kuona weusi wake: chuma kikikutana na tanini hufanya kitu cheusi kisicholiwa tena kwa haraka. Dawa hiyo husaidia kutu nyembamba iliyong'ang'ania. Haisaidii chuma kilichooza.

Na chuma kilichooza ukubali kuwa kimeoza. Bisibisi ikizama, pigia simu fundi wa kuchomelea. Mguu wa fremu ya mama ulikatwa kama shubiri moja, kikaungwa kipande kipya. Kupaka rangi juu ya tundu ni kulitengenezea kutu pango.

Jumamosi ya pili: kupaka

Chuma kilichosuguliwa mpaka kijivu hakingoji. Katika hewa ya pwani unaweza kukisafisha asubuhi na kukikuta na wekundu mwembamba jioni. Kwa hiyo msasa wa mwisho na praima viwe vya siku moja, ikiwezekana vya saa zile zile. Futa vumbi kwa kitambaa kilichotiwa tina, kiache kikauke, usikishike tena kwa mkono mtupu, maana jasho nalo ni chumvi.

Chagua siku. Masika si wakati wake, na wakati wa vuli itakubidi uviziane na mvua. Mimi hupendelea kuanzia Juni, mvua zikishapungua na jua likiwa na adabu. Anza umande ukishakauka, yapata saa tatu asubuhi, na usipake chuma kilichokaa juani saa sita mchana: rangi hukauka juu kabla ya chini, ikatoa mapovu na mikunjo. Usipake pia jioni sana, kwa sababu umande wa usiku utaikuta bado mbichi.

Praima ndiyo kinga. Rangi ya juu ni nguo. Mafundi wengi wana ile praima nyekundu wanayoiita redoksaidi, na kuna ya kijivu yenye fosfeti ya zinki ambayo hufanya kazi nzuri zaidi kwenye chumvi. Paka mara mbili, nyembamba, hasa pembezoni. Rangi ikiwa mbichi hujivuta na kuikimbia kona kali, kwa hiyo kona hubaki na ngozi nyembamba kuliko mahali pengine, na kutu huanzia huko. Vunja ukali wa kona kwa msasa, kisha pitisha brashi ndogo kwenye kona peke yake kabla ya kupaka kifaa kizima.

Ukitumia rangi ya spreyi, tikisa kopo kwa dakika kamili, simama umbali wa sentimita 25 hadi 30, na pitisha mkono kwa mwendo mmoja bila kusimama. Mara tatu nyepesi ni bora kuliko mara moja nzito inayochuruzika. Vichwa vya skrubu vichomeke kwenye boksi la karatasi ngumu vikiwa vimesimama, uvipake pamoja na wenzao. Fanya kazi mahali penye hewa, mbali na jiko, na matambara yenye tina yaanike yakauke nje, usiyakusanye lundo ndani.

Kizingiti chenyewe kina masharti yake, kwa sababu kinakanyagwa. Rangi ya kawaida ya geti haitamaliza mwaka chini ya kandambili zenye mchanga. Tumia rangi ya sakafu, au ile ya epoksi ya makopo mawili yanayochanganywa, na kwenye mkono wa mwisho nyunyiza mchanga laini mkavu uliochujwa ili watu wasiteleze siku ya kudeki. Ikisha kukauka, ziba ufa ulio kati ya chuma na saruji kwa silikoni, maana huo ndio mlango wa maji.

Kisha ngoja. Rangi kukauka mkononi si rangi kukomaa. Rangi ya mafuta hukauka kwa saa kadhaa, lakini ugumu wake wa kweli huja baada ya kama wiki moja. Rudisha vitasa na bawaba kesho yake kama huna budi, ila kizingiti kifunike kwa ubao uliokaa juu ya matofali mawili, na familia itumie mlango mwingine. Kwetu zoezi hili lilikuwa gumu kuliko kusugua kutu. Mgeni akipiga hodi mbele alielekezwa azungukie uani, siku nne mfululizo, na kila mmoja aliuliza kuna nini.

Kitambaa kikavu

Miaka mitatu imepita. Nikienda Tanga mwezi wa Juni hupita na kopo dogo na brashi moja, nikagusa pale palipokwaruzwa na ndoo au na tairi la baiskeli. Ni kazi ya asubuhi moja. Vitasa na bawaba huoshwa kwa maji matamu kila mwezi, kazi ya dakika kumi ambayo wajukuu huigombania kwa sababu ya maji. Mguu mpya wa fremu haujaonyesha doa.

Lakini nikisema rangi yangu ndiyo iliyoulinda nitakuwa nimedanganya. Siku nilipomwonyesha mama pembe ile na kumweleza maji yanavyobaki, hakusema neno. Kesho yake alideki kama kawaida, akasukuma maji nje, akasimamisha fagio ukutani. Kisha akachukua kile kitambaa alichokuwa amelizungushia komeo, kilichobaki na madoa mekundu yasiyotoka, akainama, akakausha pembe zote mbili za kizingiti. Anafanya hivyo mpaka leo. Komeo halihitaji tena kufungwa nguo, na kitambaa kimepata kazi yake.